Chile ikishachomwa usiioshe

Agosti ikifika, mji wetu wa Albuquerque wote unanuka pilipili ya kuchoma. Nje ya supamaketi wanaweka lile pipa la waya linalozunguka juu ya moto wa gesi, unanunua gunia lako la chile ya Hatch, zile pilipili ndefu za huku kwetu, wanakuchomea hapohapo, ganda linababuka linakuwa jeusi, unaondoka nalo la moto na gari linanuka wiki nzima. Mimi napika mkahawani huku New Mexico na Waswahili wenzangu wa Marekani hii wananiuliza sana, mbona wakipika mchuzi wa chile ya kijani nyumbani unatoka kama maji ya viazi?

Swali langu la kwanza huwa: uliziosha?

Manake wengi wanamenya chini ya bomba, na mimi mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo, ganda linatoka chap chap kweli, ila ile harufu ya moshi na yale majimaji matamu vyote vinaenda na maji. Zifunike kwenye bakuli robo saa zijifukize, halafu menya kwa vidole, ukiona vidoa vyeusi vimebaki viache, ndo ladha yenyewe hiyo. Vaa glavu jamani. Siku moja sikuvaa, nikajifikicha jicho, sitaki kusimulia. Mikono ikiwaka paka mafuta ya kupikia kwanza ndo uoshe na sabuni, maji matupu hayasaidii kitu.

Chile hii si pilipili mbuzi wala kichaa, ni ndefu, ina nyama, na ya kijani na nyekundu ni mmea mmoja, nyekundu imeachwa tu shambani iive. Ukali mwingi uko kwenye ule utando mweupe ndani, sio kwenye mbegu kama tulivyoambiwa na bibi, kwa hiyo kama una watoto kwangua utando.

Mchuzi sasa. Wenyeji wanatumia nguruwe, mimi mtu wa Tanga natumia ng'ombe, kilo moja ya bega. Kaanga vipande mpaka viwe kahawia haswa, kitunguu kimoja, saumu punje nne, bizari nyembamba kidogo, kidogo nimesema, hatupiki pilau, kisha maji lita moja na nusu na vikombe viwili vya chile iliyokatwakatwa. Huku tuko kama mita 1,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nyama inachelewa kuiva, watu wa Nairobi mnanielewa. Nyama ikilainika ndo unaweka viazi, sio kabla, na viwili viponde viukaze mchuzi. Wao wanakula na tortilla ya ngano, mimi na chapati.

Za kuhifadhi usihangaike kuzimenya. Zipoze upesi kwenye friji, sio kuziacha kwenye mfuko wa moto mpaka jioni, halafu panga sita sita kwenye mifuko, lalaza bapa, toa hewa, friza. Zinaganda na ganda lake, na siku ukiziyeyusha linavuka lenyewe kama soksi.

Na hapa siwabembelezi: msijaze chile ya kuchoma kwenye chupa ya mafuta mkaiweka kabatini mkadhani ni achari. Achari ina ndimu au siki, chile haina ukali huo wa ndimu, na mafuta yanazuia hewa, pale bakteria wa botulizimu, ule ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, wanastarehe kabisa na sumu yao huioni wala huinusi. Kuchemsha chupa kwenye sufuria nako hakuwaui, hasa huku juu, inatakiwa ile mashine ya presha ya kusindikia na vipimo vyake. Mimi sinayo, nina friza ya pili gereji, na mume wangu kila Septemba ananiuliza samaki wake ataweka wapi.