Mnyama wa Kuonekana kwa Nadra: Maana Yake Nini?

Mnyama wa kuonekana kwa nadra ni yule ambaye unaweza kuzunguka maeneo anayoishi, saa zile za kawaida za safari, na mara nyingi ukarudi bila kumwona. Maana hiyo haigusi idadi yake. Wageni wengi wa mbuga za Uganda huchanganya hapo: wanadhani asiyeonekana ni mchache, na anayeonekana kila siku yuko salama. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli.

Mchukue gorila wa milimani. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018 katika msitu wa Bwindi, pamoja na Sarambwe upande wa Kongo, ilipata gorila 459. Ukijumlisha na wale wa milima ya Virunga, duniani kote walikuwa 1,063 tu. Hata hivyo mwenye kibali cha kuwatembelea karibu kila mara huwaona. Siri yake ni kazi ya watu. Familia zinazotembelewa zimezoeshwa binadamu kwa miaka, na alfajiri wafuatiliaji hutangulia hadi pale zilipoachwa jana. Wanafuata majani yaliyokanyagwa, mabua yaliyotafunwa na kinyesi, mpaka kwenye viota vya usiku na kwa familia yenyewe. Kisha wanaita kwa redio, na wageni wasiozidi wanane wanapelekwa kukaa nao saa moja. Mnyama ni adimu. Kumwona si nadra.

Muhanga ni kinyume chake. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, haimweki kabisa kwenye kundi la wanyama walio hatarini, na makazi yake yameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Lakini mchana kutwa amelala shimoni, usiku anatoka peke yake kutafuta mchwa na sisimizi. Unachokutana nacho ni alama zake: kichuguu kilichochimbwa ubavuni, udongo mbichi mdomoni mwa shimo, au shimo la zamani ambalo ngiri amelirithi na kuingia kinyumenyume, meno yakitazama nje. Kwa maoni yangu kuzisoma alama hizo ni nusu ya safari, na mgeni anayezipuuza kwa sababu hazitoki vizuri kwenye picha anajinyima mengi.

Kati ya hao wawili yupo bulwe, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu. Kidunia anahesabiwa kuwa hatarini, naye husimama tuli kwa muda mrefu kwenye kinamasi akimvizia samaki aitwaye kamongo, kwa hiyo macho yanaweza kumpita. Ila ukienda Mabamba, kando ya Ziwa Viktoria, ukapanda mtumbwi asubuhi na mtu anayeijua mifereji ile, uwezekano wa kumwona unapanda sana. Zamani wavuvi walimchukia, wakiamini kwamba kukutana naye kunaharibu uvuvi wa siku hiyo. Leo wapo wanaolisha familia zao kwa kuwapeleka wageni kumtazama.

Neno nadra linadai pia kutajwa mahali. Duma ndani ya Uganda ni habari kubwa, na pa kumtafuta ni mbuga ya Kidepo, huko Karamoja. Serengeti kumwona si ajabu. Kifaru alitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini tangu mwaka 2005 wamekuwa wakizalishwa kwenye hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, na huko askari anakupeleka kwa miguu hadi karibu nao.

Wakati mwingine kinachoonekana kwa nadra ni tendo, wala si mnyama. Simba wa mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda, wanajulikana sana. Ila Februari 2024 droni yenye kamera ya joto ilimrekodi Jacob, simba aliyekatika mguu kwa mtego wa majangili, akivuka Mfereji wa Kazinga usiku pamoja na ndugu yake Tibu, umbali wa takriban kilomita moja na nusu majini. Simba wa miguu mitatu! Habari ile ilinihuzunisha kuliko ilivyonifurahisha, kwa sababu watafiti wanaona huenda walikuwa wakitafuta majike, ambao wamekuwa haba pale.

Kwa hiyo taarifa moja ya kuonekana haitoshi kusema wanyama wameongezeka. Chui mmoja juu ya mti huko Kasenyi, ndani ya mbuga hiyo hiyo, akizungukwa na magari kumi, anaweza kuzaa taarifa kumi. Taarifa yenye faida hutaja tarehe, saa, mahali, idadi, na kama mwonaji ana hakika au alikiona kivuli tu. Itaje pia saa mlizozunguka bila kuona kitu, maana bila hizo hakuna wa kujua kama ni nadra au la.

Kakakuona ana sharti lake. Anawindwa kwa ajili ya magamba yake, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukimwona, usitangaze mahali, na zima huduma ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha. Mwambie askari wa hifadhi, ana kwa ana, basi.