Kugeuza orodha ya visiwa vya Lamu kuwa mti kwa Haskell

Watu wa hapa Lamu wakiniletea orodha, mara nyingi huiandika hivi:

```
Kisiwa cha Lamu
  Mji wa Lamu
    Mkomani
    Langoni
  Shela
  Matondoni
Kisiwa cha Pate
  Siyu
  Faza
```

Hamna mabano wala koma. Nafasi tupu za kushoto ndizo zinazosema kuwa Langoni ni mtaa wa Mji wa Lamu, na kwamba Shela imesimama kando ya mji huo, haimo ndani yake. Naipenda sana njia hii. Sioni sababu ya kumtesa karani na mabano ya JSON (muundo wa kuandika data) ilhali kompyuta inaweza kuusoma ukingo wa kushoto yenyewe. Mwanasayansi wa kompyuta Peter Landin alilieleza wazo hili mwaka 1966 na kuliita sheria ya kuotea, jina la soka. Lugha za programu Haskell na Python zinalifuata hadi leo.

Njia iliyozoeleka ya kugeuza orodha hii kuwa mti (kila jina na yaliyo chini yake) ni kutunza rundo la vina, yaani idadi ya nafasi za kushoto: mstari ukiingia ndani unaongeza, ukirudi nje unapunguza. Jibu hupatikana, lakini msomaji wa msimbo hulazimika kukumbuka hali ya rundo katika kila mstari. Kwa mtindo wa funksheni huuliza swali moja tu: kati ya mistari inayofuata mfululizo, ipi imeingia ndani kuliko huu wa kwanza? Hao ni watoto wake na wazao wao. Inayobaki ni ya ndugu zake.

Kwanza ondoa mistari mitupu, kisha kila mstari uwe jozi: idadi ya nafasi, na jina. Baada ya hapo:

```haskell
data Mti = Nodi String [Mti]

msitu :: [(Int, String)] -> [Mti]
msitu [] = []
msitu ((k, jina) : baki) =
  let (watoto, ndugu) = span (\(j, _) -> j > k) baki
  in Nodi jina (msitu watoto) : msitu ndugu
```

Basi, hiyo ndiyo kazi yote. Chukua Mji wa Lamu, wenye kina 2. `span`, inayochukua vitu vya mwanzo wa orodha mradi vinatimiza sharti, inaokota Mkomani (4), inaokota Langoni (4), inafika Shela (2) na kusimama hapo hapo, hata kama mbele kuna mistari mingine yenye kina kikubwa. Kusimama huko ni muhimu: ukitumia `filter`, inayochuja orodha nzima, badala ya `span`, utazoa watoto wa watu wengine. Funksheni inajiita mara mbili kwa sababu mti wenyewe umeelezwa hivyo: jina, na orodha ya miti mingine.

Gharama yake? Kila mstari hukaguliwa takriban mara moja kwa kila mzazi aliye juu yake. Kwa orodha yenye ngazi tatu au nne, usihangaike.

Linalonishughulisha zaidi ni nafasi moja iliyopotea. Tuseme Mkomani imeandikwa kwa nafasi 3 na Langoni kwa 4. Programu haitalalamika: itaifanya Langoni kuwa mtoto wa Mkomani, na ripoti itatoka na mtaa mmoja ndani ya mwenzake. Alama za Tab nazo zina balaa lake, maana kwenye skrini zinafanana na nafasi. YAML, muundo mwingine wa kuandika data, imezikataa kabisa katika kujongeza, nami huzikataa vilevile kabla ya kuhesabu chochote.

Kwa nafasi zilizopotea, andika funksheni ya kinyume, inayougeuza mti kuwa mistari tena, ikiongeza nafasi mbili kwa kila ngazi:

```haskell
andika :: Int -> Mti -> [String]
andika k (Nodi jina watoto) =
  (replicate k ' ' ++ jina) : concatMap (andika (k + 2)) watoto
```

Anza na `andika 0` kwa kila mti, kisha linganisha na mistari uliyopewa. Hapa Mkomani ingerudi na nafasi 4 badala ya 3, na Langoni na 6 badala ya 4. Mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wenye kasoro, na karani anaweza kuonyeshwa huo huo aurekebishe kabla data haijaingia popote.