Friza ya pili nyumbani: angalia LUKU kwanza, bei ya dukani baadaye

Wiki hii nimepigiwa simu tatu, swali ni moja, "fundi nataka kuongeza friza, nichukue ipi?" Wote watatu walishapita Kariakoo kuulizia bei ila hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua nyumbani kwake anatumia uniti ngapi kwa mwezi. Mi ni fundi friji hapa Dar, mwaka wa 14 sasa, na kitu ambacho naomba watu wakielewe ni kwamba friza unainunua mara mbili, mara ya kwanza dukani na mara ya pili kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kidogo kidogo kwa miaka kumi au zaidi, na hii ya pili ndo inaumiza watu.

Ngoja niwape mfano wa dada mmoja wa Gongo la Mboto. Yuko kwenye ile tarifa ya matumizi madogo, akinunua umeme wa buku (shilingi elfu moja) anapata uniti nane na kitu. Nyumba ina taa, tivii, feni na friji dogo, anatumia kama uniti 60 kwa mwezi, yaani 7,300 hivi. Akataka friza ya lita 200 ahifadhi samaki na nyama. Nikachukua kile kipimo changu cha kuchomeka kwenye soketi nikampimia friza kama hiyo kwa jirani yake siku mbili nzima, ikaja uniti 0.9 kwa siku, sawa na 27 au 28 kwa mwezi. 60 ukijumlisha 28 ni 88, ameshavuka 75 ambayo ndo kikomo cha tarifa yake, na hapo ndo penyewe! Zile zinazozidi 75 zinalipiwa bei ya juu, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa kwenye tarifa ya kawaida ambayo buku inakupa uniti 2.8 tu. 88 kwa bei hiyo ni 31,000 na kitu. Kwa hiyo friza yenyewe inakula uniti 28 lakini mfukoni mwake zinatoka karibu 24,000 zaidi kila mwezi, kwa sababu imebeba na taa na feni na kila kitu kupeleka kwenye bei mpya. Kwa mwaka hiyo ni laki mbili na themanini na kitu. Kama ulipanga kuokoa kwa kununua samaki Feri kwa jumla, weka hiyo hela kwenye hesabu kwanza ndo uone kama bado unaokoa.

Kama wewe tayari uko tarifa ya kawaida hesabu ni rahisi, uniti 28 ni kama elfu kumi kwa mwezi, familia ya watu sita inayonunua nyama na kuku kwa jumla inairudisha bila shida.

Sasa ukubwa. Watu wanapenda kubwa "maana tofauti ya bei ndogo". Mi nakadiria lita 100 zinaingia kilo 50 mpaka 60 za vitu vilivyopangwa vizuri kwenye mifuko bapa, sio vilivyorundikwa, kwa hiyo ya lita 300 ni kilo 150 na zaidi, hebu jiulize ni lini ulikuwa na kilo 150 za nyama ndani ya nyumba. Kwa familia ya kawaida lita 100 mpaka 150 inatosha kabisa. Ni kweli friza ya lita 300 haili umeme mara mbili ya ile ya 150, lakini kama nusu yake iko tupu unalipia kupoza hewa, na hewa ndo kitu kinachokimbia ukifungua mfuniko. Kama umeshanunua kubwa basi jaza chupa za maji kwenye nafasi iliyobaki, zikiganda zinashika baridi na umeme ukikatika zinakuokoa. Friza iliyojaa na usipoifungua inaweza kukaa kama masaa 48, iliyo nusu 24, wale waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 wanajua ninachosema. Ila chupa usiijaze mpaka juu maana maji yakiganda yanatanuka, itapasuka.

Ya kulala au ya kusimama? Ya kulala, kama una nafasi. Hewa ya baridi ni nzito, ukifungua mfuniko kwa juu inabaki imetulia chini, wakati ile ya kusimama ukifungua mlango unaisikia kabisa baridi inakudondokea miguuni na yote hiyo kompresa (ile mota inayosukuma gesi) itairudisha kwa hela yako. Ya kusimama faida yake ni kupanga vitu kwenye droo, kama mgongo unakusumbua kuinama chukua hiyo, sina ugomvi nayo.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawakuambii, na mimi nakiangalia kabla hata ya bei, ni herufi kwenye ile stika ndogo ya nyuma au ubavuni, pale palipoandikwa aina ya gesi na volti. Utakuta SN, N, ST au T. Hizo zinaonyesha friza imetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la mpaka wapi. SN na N mwisho wake nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Dar mwezi wa pili nje tu inafika 32 na kupita, jikoni kwenye jiko la mkaa na dirisha moja usiseme. Chukua T. Nilishaitwa Tegeta kwa mzee mmoja, "fundi friza yangu haizimi", kaongezewa gesi mara mbili na mafundi wengine, gesi ambayo haikuhitajika. Nikainama na tochi kusoma stika, N peke yake, mtumba wa Ulaya, na imewekwa barazani upande jua la jioni linapigia. Nikagusa kompresa, mkono haukai. Friza haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa inapigana na joto ambalo haikutengenezewa. Tukaihamishia chumba cha ndani chenye kivuli, tukaivuta kutoka ukutani, ikaanza kupumzika. Yule mzee alishatoa hela mara mbili bure na iliniuma sana.

Na kwenye hizo mtumba, soma pia gesi. Ukikuta R12 achana nayo hata kama ni laki moja, hiyo gesi ilishapigwa marufuku duniani kwa ajili ya kuharibu tabaka la ozoni, ni friza ya zamani mno na ulaji wake wa umeme ni wa zamani hivo hivo. R134a inafaa. R600a ndo nyingi za kisasa, inatumia gesi kidogo sana, na nyingi zinakula umeme kidogo, ila inawaka moto kama gesi ya kupikia, kwa hiyo fundi akija na mtungi wa kuchomelea akawasha moto moja kwa moja bila kutoa gesi na kufungua madirisha mwambie asimame hapo hapo.

Zile stika za rangi za matumizi ya umeme nazo zinachanganya. Ulaya walibadilisha Machi 2021, zamani ilikuwa mpaka A+++ sasa ni A mpaka G, kwa hiyo friza mpya yenye F si lazima iwe mbaya kuliko ya zamani yenye A+. Achana na herufi, soma namba ya kWh (ndo uniti zenyewe) kwa mwaka, gawa kwa 365, halafu ongeza kidogo maana wao hawapimii kwenye joto la Mbagala. Zenye kompresa ya inveta, yaani inayobadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, zinapunguza kweli, lakini kwenye friza ndogo ya lita 100 piga hesabu kama tofauti ya bei itarudi, saa ingine hairudi.

Ukishanunua, tafadhali usiibane ukutani. Friza nyingi za kulala paipu za kutoa joto zimepita ndani ya kuta zake, ndo maana ukigusa ubavuni unasikia joto, hiyo sio hitilafu. Acha kama sentimita kumi kila upande. Nunua na friji gadi, kile kifaa cha kulinda friza kwenye soketi, inayochelewesha kuwasha kwa dakika tatu mpaka tano, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi hapo hapo kompresa inalazimishwa kuanza wakati presha ya gesi bado haijashuka, inavuta umeme mwingi, inaunguza waya. Kifaa hicho ni hela ndogo ukilinganisha na kompresa.

Na barafu! Ikifika unene wa nusu sentimita zima, toa vitu, weka sufuria la maji moto ndani, funga, subiri. Mama mmoja Mbagala alikuwa na wageni Jumapili, mfuko wa kuku umeshikwa na barafu, akachukua kisu. Ananiambia alisikia "ssss" akadhani ni barafu inaachia. Ilikuwa paipu. Kwenye friza za kulala paipu za baridi zimejificha nyuma ya lile bati jembamba la ndani na zikitoboka ndani ya povu huwezi kuzifikia, inabidi nizungushe paipu mpya kwa ndani, kazi ya siku nzima, na nafasi inapungua. Nimekuta hili tundu la kisu mara nyingi kuliko kompresa iliyokufa kwa uzee.

Mpira wa mlango unaupima kwa noti, bana noti ya buku kwenye mfuniko uvute, ikitoka bila kushika mpira umelegea, zungusha pande zote nne.

La mwisho, siku friza inapofika kwa bodaboda ya matairi matatu ikiwa imelazwa, usiiwashe. Isimamishe na uiache masaa kadhaa, kama ililala muda mrefu iache mpaka kesho yake, oili irudi kwenye kompresa. Iwashe ikiwa tupu mpaka ishike nyuzi 18 chini ya sifuri ndo uanze kupakia, na usimwage ndoo nzima ya vibua kwa siku moja. Kwenye stika kuna kilo inazoweza kugandisha kwa masaa 24, friza ndogo nyingi ni kilo chache tu. Safisha samaki, kausha maji, funga kilo kilo, anza na zinazogusa ukuta, nyingine kesho.