Kupiga upepo breki ya kreni si kuisafisha

Nimeulizwa tena: "Injinia, si tunapiga tu upepo, vumbi linaisha?" Haliishi. Kompresa inalitoa kwenye breki na kulipeleka puani mwa aliyeshika bomba na wenzake. Tumieni mashine ya kunyonya yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo mno, au kitambaa kilicholowa. Breki ikiwa ya zamani na pedi zake hazijulikani, ihesabuni kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mpaka maabara iseme vingine.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba sakafu safi maana yake breki haitoi vumbi. Chembe zinazoanguka sakafuni ni zile nzito. Chembe za chini ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) huelea, na za chini ya 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele ni kama maikromita 70, kwa hiyo jicho lisitegemewe. Tena watu wanapima unene wa pedi na kusahau diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Nayo inalika, ndiyo maana vumbi hili limejaa chuma.

Halafu joto. Breki ikipita kiwango fulani cha joto, gundi inayoshikilia pamoja viambato vya pedi huanza kuvunjika, mvuke wake huganda kuwa chembe ndogo mno, na idadi yake hupanda mara nyingi sana huku mizani ikionyesha uzito uleule. Kreni yenye invata, kifaa cha umeme kinachoongoza kasi ya mota, husimamishwa na mota, breki inashika tu ngoma ya kamba iliyokwisha kutulia. Hapo ulikaji ni mdogo. Lakini dereva akizoea kusimamisha mzigo kwa kitufe cha dharura, nishati yote inaishia kwenye breki kwa sekunde chache. Hiyo tabia ikomeshwe.

Vitabu vinasema ulikaji ni mgandamizo mara umbali, mara namba isiyobadilika. Mimi namba hiyo siiamini. Diski iliyolala usiku kucha kwenye hewa ya chumvi huota kutu, na breki za kwanza asubuhi husaga kutu, si pedi. Kwa hiyo makadirio ya umri wa pedi nayaandika kwa upana, kisha naifungua breki niangalie.

Kanuni ya Euro 7 ya mwaka 2024 imewekea kikomo chembe za breki za magari Ulaya. Kreni haimo. Basi tuagize vipimo wenyewe: fundi avae pampu ndogo ya kuchukua sampuli ya hewa, kichujio kikae kwenye kola yake, anapofungua breki. Kipimo kilichotundikwa ukutani hakituambii yeye amevuta nini.