Samaki Wakubwa wa Mawimbini: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote miongoni mwa marafiki wanaokwenda kuvua ufukweni ni kwamba samaki mkubwa yuko mbali, na kwamba anayerusha chambo kuwapita wenzake ndiye atakayempata. Ukweli ni kwamba mawimbi yanapovunjika juu ya fungu la mchanga huwafukua kaa, kome na minyoo waliojifukia, samaki wadogo wakafuata mlo huo, na wakubwa kama kolekole, papa na taa wakawafuata hao hadi kwenye lindi lililo kati ya fungu na ukingo wa maji. Lindi hilo mara nyingi liko karibu kiasi kwamba anayetupa kwa nguvu zake zote hupitisha chambo juu ya samaki. Ni afadhali kufika maji yakiwa yamekupwa, kuyakagua mafungu na mabonde yaliyo wazi, na maji yanapojaa kila mmoja atupe kwa umbali wake hadi ijulikane samaki wanapita wapi.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni ile ya kudhani kwamba mahali palipotulia katikati ya mawimbi ndipo salama pa kuingia. Mara nyingi hapo ndipo maji yaliyosukumwa ufukweni hupata mwanya katika fungu na kurudi baharini kwa kasi. Dalili zake ni rangi iliyokoza, mawimbi yasiyovunjika, na povu linaloelea kwenda nje. Samaki hupapenda kwa sababu chakula hupitia hapo, na kwa hiyo mvuvi naye hushawishika kuingia hadi kiunoni. Asimame kando ya mwanya, maji yasivuke magoti, atupe chambo humo akiwa nje. Aliyekwisha kuchukuliwa asishindane na mkondo, kwani humchosha hata mwogeleaji hodari. Aelee, ainue mkono, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake. Wenzake wamtupie kitu kinachoelea badala ya kumfuata.

Wengi huamini pia kwamba fimbo ikiinama ni lazima kuivuta kwa ghafula. Kwa ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina, kufanya hivyo humnyang'anya samaki chambo. Mshipi ukazwe polepole, na ndoana itajishika yenyewe kwenye pembe ya mdomo.

Samaki akinasa, msaada si wote kumkimbilia mwenye fimbo. Wengine wakusanye mishipi yao isije ikasokotana, na mmoja tu ashuke kumpokea. Mwenye fimbo naye alegeze wimbi linaporudi, kwa maana hapo ndipo mishipi mingi hukatika, kisha avute wimbi linalofuata likimleta samaki.

Mwisho, samaki aliyerudishwa akaogelea hajasalimika kwa hilo pekee. Mchanga mkavu humwondolea ute unaomkinga, na papa akining'inizwa kwa mkia huumia ndani, kwani mifupa yake ni ya gegedu, yaani mifupa laini, na viungo vyake vya ndani vimezoea kubebwa na maji. Apigwe picha akiwa majini, ashikwe kwa mikono iliyolowa, na akiwa amemeza ndoana mshipi ukatwe karibu na mdomo badala ya kuing'oa.