Miaka mitatu ya Hasheem Thabeet pale Connecticut

Vijiweni kwetu, Hasheem Thabeet akitajwa tu, mazungumzo yanakimbilia NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu Marekani: timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry waliokuja kuwa nyota, halafu hakuwika. Mimi kazi yangu ni kufundisha ulinzi kwa vijana warefu, na naona tunamdhulumu huyu mtoto wa Dar es Salaam tunapoiruka miaka aliyochezea Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, chini ya kocha Jim Calhoun.

Kati ya 2006 na 2009 alipiga bloku 417, yaani mipira ya wapinzani aliyoizuia ikielekea golini. Emeka Okafor, mwenye rekodi ya chuo hicho, ana 441. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya kukosa goli) 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Januari 2009, dhidi ya Providence, alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo waliyochezea Connecticut, alikuwa yeye, 2008 na tena 2009. Na mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa tayari kijana wa sekondari!

Ila bloku ni sehemu ndogo ya kazi yake. Senta, yule mrefu anayecheza karibu na goli, akiwa na mita 2.21 na akisimama chini yake, walinzi wa mbele wanapata ujasiri wa kumbana mwenye mpira hadi kifuani, maana akiwapita kuna mtu nyuma. Mshambuliaji naye anaingia ndani, anasita, anarudisha pasi nje au anarusha mpira juu kupita kiasi. Hakuna anayeandika hayo kwenye karatasi ya takwimu, lakini mechi inaamuliwa hapo.

Sheria pia zilimfaa. Kwenye vyuo, mlinzi anaruhusiwa kukaa chini ya goli muda wowote apendao. NBA inampa sekunde tatu tu kama hamkabi mtu kwa karibu. Kwa hiyo senta analazimika kutoka nje na kukimbizana na watu wepesi, na hapo miguu inahitajika kuliko urefu.

Dalili za shida hiyo zilionekana mapema. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takribani sentimita 20, alichukua pointi 22 na ribaundi 23. Blair alimgusa kwanza kwa nyonga, akamsukuma mbali na goli kabla ya mpira kufika. Mrefu akishasogezwa hivyo, mikono haimsaidii. Connecticut, waliokuwa namba moja nchini Marekani, walifungwa 76 kwa 68. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na Connecticut wakafika nne bora ya ubingwa wa vyuo vya Marekani kule Detroit, walikotolewa na Michigan State.

Ukipata video za msimu ule, achana na mpira kidogo. Mtazame Thabeet peke yake, kisha hesabu washambuliaji wanaogeuka kabla ya kumfikia.