Je, wajua kwa nini mnada wa kwanza wa korosho mara nyingi una bei nzuri kuliko wa mwisho?

Mjomba wangu wa Newala, mkoani Mtwara, aliniuliza hili swali tumekaa barazani, ametoka mnadani na uso umemshuka. Korosho za eneo lile lile, salfa (dawa ya mikorosho) wamepuliza ile ile, lakini mwenzake ambaye mzigo wake uliingia mnada wa Oktoba kapata hela nzuri na yeye wa Januari kapata pungufu kabisa. "Mjomba, si unasoma uchumi wewe, niambie nani kala hela yangu?"

Nikamwambia hakuna aliyekula, hiyo ni kalenda.

Iko hivi. Huku kusini mwa Tanzania tunaokota kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Sasa Oktoba hiyo wabanguaji wa kule mzigo waliokuwa nao umeshapungua, maana Kodivaa (ndio wanaoongoza duniani kwa korosho), Ghana, Nigeria na India yenyewe wanavuna kuanzia Februari hivi, kwa hiyo Oktoba mwenye korosho mpya ni sisi na wachache wengine wa upande huu wa dunia. Mnunuzi mwenye kiwanda kinachosubiri mzigo anabidi apande bei. Ikifika Januari anajua wiki chache tu mbele Afrika Magharibi wanaanza kuokota, anaweza kungoja, na mtu anayeweza kungoja habembelezi.

Wanafunzi naomba mshike hapo, kwa sababu shuleni tunachora tu dimandi na saplai tunaondoka. Mkorosho huwezi kuuambia uzae zaidi kwa sababu bei imepanda wiki hii, ukipanda leo unasubiri miaka kama 3 ndio uanze kuona kitu, kwa hiyo ndani ya msimu saplai yetu imeshafungwa, kinachocheza ni upande wa mnunuzi peke yake, ana haraka kiasi gani na ana pengine pa kwenda au hana.

Alafu kuna mvua. Korosho za mwanzo zinadondoka kukiwa kukavu, unazianika uani kwenye turubai, ukitikisa moja sikioni unasikia kiini kinacheza ndani. Za Desemba zinaokotwa kwenye majani yenye maji, ukitikisa kimya, ukikata unakuta kiini kimeanza doa. Na wanunuzi hawaangalii uzito wa gunia tu, wanapima gunia la kilo 80 linatoa pauni ngapi za kiini. Tuseme moja limetoa 52 na lingine 46, hapo tofauti ni karibu kilo 3 za kiini na ndio kitu anachoenda kuuza, kwa hiyo mkulima anaona korosho ni korosho lakini kwa mnunuzi hizo ni bidhaa mbili.

Kinachoniuma mimi ni wale ambao hata huo mnada wa kwanza hawaufikii. Agosti, Septemba hela hakuna, mtoto anadaiwa shule, anakuja mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa pembeni anayelipa kabla ya mavuno, anakupa tuseme shilingi 1,500 kwa kilo, umkabidhi Oktoba ambayo mnadani ingefika 3,500. Piga hesabu, hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 100 kwa miezi miwili! Hakuna benki ingethubutu, na anayeumia ni yule yule aliyekuwa na njaa.

Mjomba akauliza, sasa kwa nini tusigome wote tukangoja bei? Mwenyewe alikuwepo 2018. Msimu wa nyuma yake bei ilishapita 4,000, huo wa 2018 wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakazikataa mnadani, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300 na jeshi likaingia kusomba. Kwa mkulima ile 3,300 ilikuwa faraja, sitaki kuibeza. Ila swali la kiuchumi lilibaki pale pale, kama mnunuzi wa nje hataki kufika hapo ile tofauti anabeba nani? Na kungoja kuna gharama zake, kuna ghala, kuna walinzi, korosho ghafi inazidi kuzeeka, na 2019 kuna mzigo ulikuwa bado maghalani huku Kodivaa wameshaanza kuuza ya kwao. Tungekuwa tunabangua nyingi hapa hapa Mtwara na Lindi ingekuwa habari nyingine, kiini kikishafungwa vizuri bila hewa kinakaa na Februari ya wenzetu haikutishi sana.

Mjomba alinyamaza kidogo. Alafu akaniuliza turubai la mita sita kwa nne siku hizi bei gani mjini.